Mgeni wa Uwanja wa Awendo



Wasomaji wapenzi, mada ya bajeti ya nyumba tuliyoianza juma lililopita naomba isubiri kidogo. Nimepata swali la bajeti lililokuja kwa njia ya mpira, nami nimeona nisilikwepe, ingawa najua wako kina mama watakaoshangaa kuiona safu hii ikiingia uwanjani.

Mdogo wangu ameolewa Awendo, mji mdogo wa Kaunti ya Migori ulio kando ya barabara kuu itokayo Kisii kuelekea Migori na mpaka wa Isebania. Mumewe huendesha trela la miwa. Yeye mwenyewe, kwa kuwa ni mwana wa Mombasa, hakuiacha kazi aliyofundishwa na mametu. Hupika mahamri na viazi karai, na siku za mechi huiweka meza yake karibu na lango la uwanja. Juzi alinipigia simu baada ya swala ya Isha. "Dada, nyinyi mko karibu na magazeti," akanambia. "Huku kila msimu ukiisha watu huulizana kama timu itabaki au itahama. Mimi nauliza jambo moja tu: ninunue unga kwa mfuko mkubwa au niendelee kupima kilo kilo?"

Nikamwambia anipe siku mbili. Hili ndilo jibu nililompa, nimelipanua kidogo kwa ajili yenu.

Kwanza, timu yenyewe ni ipi? Kwa miaka mingi ukitaja Awendo umetaja SoNy Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha South Nyanza. Jina hilo SoNy ni mkato wa South Nyanza, wilaya ya zamani ambayo leo haipo tena katika ramani ya utawala. Imekwisha kugawanyika, na Homa Bay na Migori ni miongoni mwa vilivyotokana nayo. Timu ikabaki na jina la wilaya iliyokufa, na halikumsumbua mtu. Mwaka 2006 timu hiyo ya mashambani ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya, ikaziacha nyuma Gor Mahia, AFC Leopards, Tusker na wakubwa wengine wote wa Nairobi. Shemeji yangu huusimulia mwaka ule kama wazee wetu wanavyousimulia mwaka 1965, Feisal ya Mombasa ilipokuwa bingwa wa Kenya.

SoNy Sugar haikuhama Awendo. Hilo ndilo lililonifanya nifikiri sana. Mwezi wa Novemba 2019 iliondolewa katika Ligi Kuu kwa sababu ilishindwa kufika katika mechi tatu, na kanuni za ligi zilikuwa wazi: ukikosa mechi tatu umejitoa. Haikukosa kwa uvivu wala kwa kiburi; fedha hazikuwapo. Kiwanda kilikuwa taabani kama viwanda vingine vya sukari vya serikali, na mwaka huo huo kampuni ya kamari ya SportPesa iliyokuwa ikiidhamini ligi ilifunga mkoba baada ya kuvutana na serikali juu ya leseni na kodi. (Hapa niseme neno langu pembeni: ligi iliyosimama juu ya fedha za kamari ilianguka siku kamari ilipoondoka, na vijana wetu waliozoea kubashiri mechi kwa simu walibaki na tabia hiyo ilhali timu walizobashiria hazina nauli. Mzazi mwenye mtoto wa kiume na alijue hilo.)

Basi uwanja ulibaki pale pale, nyasi zake na kiwanda jirani yake, lakini timu ya ligi kuu ikawa haipo. Mdogo wangu asema mwaka uliofuata alikuwa akipita na kikapu chake nje ya lango akasikia kunguru tu.

Wala si Awendo peke yake. Mumias ilikuwa na timu katika ligi kuu. Chemelil Sugar ilishuka 2020. Nzoia Sugar ya Bungoma ilivumilia kuliko wenzake, nayo ikashuka 2024. Timu zote hizi hazikuchukuliwa na mji mwingine. Zilikuwa zimefungwa kwenye mshipi wa kampuni moja, na mshipi ulipolegea zikaporomoka.

Kisha akaja mgeni. Mara Sugar ilipanda Ligi Kuu 2024, na katika msimu wa 2024/2025 ikawa inapokea wapinzani wake katika uwanja wa Awendo. Mji ambao bingwa wake wa 2006 alikuwa amezama ukaanza tena kuzitazama timu za Nairobi zikishuka kwenye basi. Mdogo wangu akarudisha meza. Lakini jina la timu ni la Mara, si la Awendo, na hapo ndipo penye swali lake. Mgeni aliyekuja kwa hiari yake aweza kuondoka kwa hiari yake, na mwenyeji hana la kumshika nalo zaidi ya ukarimu.

Sasa kuhama kwenyewe hutokea vipi? Katika nchi zetu za Afrika Mashariki jambo hili si la kufikirika. Mfano wa karibu uko Tanzania. Ihefu ilikuwa timu ya Ubaruku, huko Mbarali katika Mkoa wa Mbeya, na jina lake ni la ardhi oevu ya huko huko Usangu. Mnamo Novemba 2022 timu hiyo ndogo iliikomesha Yanga iliyokuwa imecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa, na ikaikomesha nyumbani, katika uwanja wa Highland Estates, mbele ya wakulima wa mpunga. Haikupita miaka miwili. Mwaka 2024 Ihefu ilihamishiwa Singida, mamia ya kilomita kutoka Mbarali, ikabadilishwa jina ikawa Singida Black Stars. Nayo timu iliyokuwa Singida kabla yake, Singida Fountain Gate, ilitoka ikenda Mwanza, kisha ikatua Babati mkoani Manyara ikiitwa Fountain Gate tu. Fikirini, timu mbili, mikoa minne, kwa muda mfupi kabisa. Anayeuza chai Ubaruku hakuulizwa.

Marekani jambo hili ni la kawaida, na timu huhama kama ofisi inavyohama jengo. Uingereza, ambako mpira ni kama ukoo, lilitokea na halijasahaulika hadi leo. Wimbledon, timu ya kusini mwa London iliyotwaa Kombe la FA mwaka 1988, iliruhusiwa Mei 2002 kuhamia Milton Keynes, mji ulio karibu kilomita 90 kutoka huko. Ikahamia 2003, na mwaka uliofuata jina likabadilishwa. Mashabiki hawakuifuata. Mwaka ule ule wa 2002 waliunda timu yao mpya, AFC Wimbledon, wakaanza ngazi za chini kabisa na wachezaji waliopatikana kwa majaribio ya wazi kwenye uwanda wa umma. Timu hiyo ilipanda ngazi kwa ngazi hadi ikaingia ligi za kulipwa 2011, na mwaka 2020 ikarudi katika mtaa wake wa Plough Lane. Waama, hiki ndicho kisa kilichonigusa kuliko vyote, kwa sababu watu hawakuishia kulalamika. Walichanga.

Lakini tusidanganyane. Mashabiki wa Wimbledon walikuwa na kazi, na nchi yao ina ngazi za ligi zilizopangwa hadi kijijini. Mkulima wa miwa wa Awendo, ambaye malipo ya miwa yake huweza kuchelewa hata akakopa karo ya shule, huwezi kumwambia achange timu. Ndiyo sababu simwambii mdogo wangu kwamba mapenzi ya mji yataizuia timu. Mapenzi hayakuizuia SoNy isizame, na mji ule uliipenda.

Yako mambo matatu au manne yanayoamua, nami niliyaangalia kama mtu anayetafuta nyumba ya kupanga. Timu za ligi hutakiwa kabla ya msimu kuandikisha uwanja watakaoutumia nyumbani, na uwanja hukaguliwa: nyasi, vyumba vya kubadilisha nguo, uzio, usalama. Uwanja ukikataliwa, timu huenda mji wa jirani hata kama haikukusudia kuhama. Sisi wa Mombasa tunalijua hilo kwa uchungu. Uwanja wetu wa manispaa ulifungwa ujengwe upya, miaka ikapita, na mji wa pili kwa ukubwa nchini ukawa unategemea uwanja wa Mbaraki wa Bandari. Kule kwa mdogo wangu majirani nao wamejipamba. Kisii wana uwanja wa Gusii, ambako Shabana hujaza watu hadi juu ya kuta. Homa Bay wana Uwanja wa Raila Odinga, uliopokea sherehe za kitaifa za Madaraka tarehe 1 Juni 2025. Msimamizi yeyote wa timu, akitazama viti vile na lile lango la Awendo, ataipiga hesabu. Simlaumu.

Kwa upande wa pili, Awendo ina kitu ambacho Homa Bay haina: mazoea. Watu wa Awendo wamekuwa wakienda mpirani Jumamosi na Jumapili tangu enzi za kiwanda kilipokuwa na nguvu. Wanajua kulipa langoni. Vyumba vya kupanga vipo karibu, na mama wa nyumba ajua kijana mchezaji hula kiasi gani. Timu isiyo tajiri huokoa mengi kwa kukaa mahali kama hapo.

Limetokea na jambo jingine kubwa ambalo wengi hawakulihusisha na mpira. Mei 2025 serikali ilikodisha viwanda vyake vinne vya sukari kwa kampuni binafsi kwa miaka 30. Nzoia, Chemelil, Muhoroni na SoNy vyote vimo, na SoNy imekwenda kwa Busia Sugar Industry. Wenye mashamba wanajadili bei ya miwa, wafanyakazi wanajadili malimbikizo ya mishahara, na wote wana haki. Mimi nauliza swali dogo la mwanamke: je, mwenye kiwanda mpya atataka timu? Akitaka, SoNy yaweza kufufuka na mgeni akajikuta na mwenyeji chumbani. Asipotaka, mgeni ndiye atakayekuwa timu ya pekee ya mji, naye hafungwi na chochote.

Simba na Yanga hakuna awezaye kuzitoa Dar es Salaam, kwa kuwa zina wanachama, na wanachama wana kura. Gor Mahia ina wanachama. Mji mdogo wenye timu ya kampuni hauna kura. Hilo ndilo ningetamani viongozi wa kaunti walifikirie wanapotoa fedha za ukarabati wa viwanja: waulize, timu itakayotumia uwanja huu itatia saini miaka mingapi? Tunamtaka mpangaji wa chumba kimoja aandike mkataba, na timu tunaipa uwanja mzima kwa maneno ya mdomo.

Na kwa wale wenye vijana wanaokwenda bara kucheza, nawasihi. Kijana wa jirani yetu wa Mombasa alisafiri msimu mmoja kujiunga na timu ambayo sitaitaja. Aliahidiwa mshahara na chumba. Timu ikabadilisha uwanja katikati ya msimu, chumba kikabaki mji wa kwanza, na nauli ya kila siku ikawa yake. Alirudi nyumbani na deni la duka. Mamake aliniambia kwamba siku anaondoka alimuuliza kuhusu chakula na swala, lakini hakumuuliza kama ana karatasi iliyotiwa saini. Akina mama, iulizeni karatasi. Isomeni ninyi wenyewe, na pale pasemapo mji wa kituo, muangalie pameandikwa nini.

Baada ya siku mbili nilimpigia mdogo wangu. Nikamwambia: pima kilo. Usinunue mfuko mkubwa hadi ratiba ya msimu itoke na uone jina la Awendo limeandikwa mbele ya mechi za nyumbani. Wala meza yako usiifunge kwenye lango la uwanja pekee.

Akacheka. Akasema mumewe amemwambia aombe nafasi kwenye lango la mizani ya miwa, ambapo madereva wa trela husubiri saa nyingi, tena kila siku, si Jumapili tu. Anaanza Jumatatu, inshaallah. Ila ameniomba niseme hili: mechi ya kwanza ikichezwa Awendo, Jumapili hiyo madereva watajitafutia chai kwengine.

Wabillahi tawfiq.