Utaridi Inaonekana

Mwenzangu wa uzamili alinicheka: eti Utaridi haionekani bila darubini, kitabu kimesema. Kitabu gani? Kilichoandikwa Uingereza. Huko, sehemu kubwa ya mwaka, njia ya sayari hulala karibu na upeo, na Utaridi, ambayo haiachani na jua kwa zaidi ya nyuzi 28 hivi, humezwa na mwanga. Sisi tuko Dar es Salaam, nyuzi 7 tu kutoka ikweta. Hapa njia hiyo husimama wima zaidi, mwaka mzima. Tunakariri shida za anga ya watu, tukaziita zetu.

Kila miezi minne hivi Utaridi hurudi alfajiri. Siku inapokuwa mbali kabisa na jua, fika Coco Beach dakika 45 kabla halijachomoza, utazame mashariki, juu kidogo ya bahari. (Na ile kanuni kwamba sayari hazimetameti isahau, ikiwa chini hivyo, nayo humetameta.)

Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Majina haya tuliyapokea kutoka Kiarabu, na yalitumika karne nyingi kabla ya darubini. Waliyaitia nini, kama hawakuziona?

Mwenzangu amesema atakuja Jumamosi, akiamka.