Bei ya kitabu cha Marekani siyo bei ya gobore la babu

Leo naongea na nyie mnaouza vitu vya zamani mtandaoni: saa, redio, cherehani, sarafu, masanduku ya urithi. Ni posti ndefu kidogo, lakini isome mpaka mwisho, inaweza kukuepusha na kituo cha polisi.

Wiki chache zilizopita dada mmoja jirani yangu hapa Pangani, Kibaha, anayeuza vitu vya ndani vilivyotumika, alinitumia picha inboksi. Bunduki ya zamani, gobore, mti umeliwa na mchwa, mtutu una kutu. Wamelikuta darini kwenye nyumba ya marehemu babu yao kule Kisarawe. Chini ya picha kaweka skrinshoti ya kitabu cha bei cha Wamarekani, bunduki inayofanana nayo, bei mamia ya dola. Akaandika: "Kaka, ada za watoto hizi hapa. Niiposti leo au nisubiri mwisho wa mwezi?"

Nikamjibu: "Usiposti leo, wala mwisho wa mwezi. Na hiyo picha usiisambaze."

Alininunia siku mbili. Namwelewa. Mtu umeona ada ya mwaka mzima iko darini, halafu jirani anakwambia acha. Ngoja nieleze kwa nini, maana najua yuko mwingine huko ana picha kama ile kwenye simu.

Kwanza, hivi vitabu ni nini. Wenzetu Marekani wanaokusanya bunduki za kale wana vitabu vizima vya kuwasaidia. Kipo cha Norm Flayderman, kilichotoka mara ya kwanza 1977, kinahusu bunduki za kale za Kimarekani. Kipo Blue Book of Gun Values, kilichoanza 1981. Ndani unakuta jina la bunduki, kiwanda, miaka iliyotengenezwa, alama zilizogongwa kwenye chuma, halafu bei kulingana na hali yake. Ni kazi nzuri kwelikweli, sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni sisi kusoma ile safu ya bei na kuruka mengine yote.

Bei ya kitabu haikushuka kutoka mbinguni. Imezaliwa kwenye soko fulani, na soko limekaa juu ya sheria fulani. Marekani, sheria ya shirikisho ya 1968 inasema bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo ni kitu cha kale, haihesabiwi kama silaha ya moto ya kawaida. Ndo maana mzee wa kule anaweza kununua na kuuza kwenye mnada bila presha. Ile bei unayoiona ni ya bunduki PAMOJA na ruhusa ya kuiuza. Ukiichukua bei ukaiacha ruhusa kule kule, umebeba nusu ya mzigo.

Hapa kwetu tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya 2015. Gobore kwetu ni silaha. Halisameheki kwa sababu limezeeka, na ukiangalia vizuri hilo lina mantiki: magobore bado yanatengenezwa na mafundi vyuma huko vijijini, na bado yanaingia porini kwa ujangili. Askari akiliona kwenye ukurasa wako haoni urithi wa babu. Anaona mtu anatangaza silaha bila kibali, na namba yake ya simu kaiweka mwenyewe chini ya picha.

Kuna atakayeniambia, "Mbona mjini watu wanauziana kimya kimya, mzungu analipa?" Sawa. Biashara ya kimya kimya haina risiti, haina mteja wa kurudi, na ikiharibika huna pa kulalamika. Wewe unajenga jina la duka. Usiliuze jina lako kwa mteja mmoja.

Pili, hata sheria ingeruhusu, lile gobore halikuwa la kwenye kitabu. Picha zilifanana tu. Karne ya 19 bunduki nyingi za biashara zililetwa Afrika, nyingine zikiigiza alama za Waingereza, na mafundi wetu nao wakatengeneza za kwao. Ya kwenye kitabu ina jina la kiwanda na mhuri. Ya darini haikuwa na hata herufi moja. Kufanana kwa picha siyo ushahidi, hata kwenye viatu na mikoba tunalijua hilo.

Kwa hiyo vitabu hivi havina faida kwetu? Vina faida sana. Chukua namna yao ya kufanya kazi, bei waachie wenyewe. Mimi nimejifunza mambo matatu, na yanafaa kwa kitu chochote cha zamani unachoruhusiwa kuuza.

1. JINA KAMILI. Kitabu hakiandiki "bunduki ya Mjerumani". Kinaandika Mauser ya 1871, ile iliyogongwa "I.G.Mod.71", ambayo askari wengi wa Wajerumani hapa kwetu walikuwa bado wanaibeba vita ilipoanza 1914, ikitoa moshi mwingi kila ikipigwa. Unaona tofauti? Na wewe usiandike "cherehani ya zamani". Soma namba iliyogongwa kwenye chuma. Singer walianza kuweka herufi mbele ya namba zao mwaka 1900, na kwa namba hiyo unaweza kujua imetoka kiwanda gani na miaka gani.

2. HALI, KWA VIPIMO. Blue Book wanapima hata ni asilimia ngapi ya rangi ya kiwandani imebaki, kuanzia 100 kushuka chini. Sisi tunaandika "iko vizuri kama mpya", basi. Mteja akifika anakuta mguu umevunjika, anakuita tapeli. Andika kilichopo na kisichopo, piga picha ya kasoro. Na la ajabu: USISUGUE. Kwa wakusanyaji, kitu cha kale kilichosuguliwa kwa msasa kinashuka thamani, iwe bunduki au sarafu. Futa vumbi, acha rangi ya umri wake.

3. HISTORIA YA KWELI. Kitu chenye historia inayothibitika kinapanda bei, na hapo ndo vishawishi vinaanza. Sisi wa Pangani ya Kibaha tunajua watu wanavyotuchanganya na Pangani ya Tanga, kule Abushiri alikopambana na Wajerumani 1888 na kunyongwa Desemba 1889. Ukiandika "sanduku la kale kutoka Pangani" ukanyamaza, mteja atajazia mwenyewe. Hujadanganya kwa maneno, umedanganya kwa kunyamaza. Andika Kibaha. Bora upungukiwe elfu ishirini kuliko kuwa mtu wa kukwepwa.

Halafu angalizo. Si silaha tu zenye mipaka. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na milango ya kuchonga ya kabla ya 1940. Mtu akikuahidi dola kwa mlango wa zamani wa Bagamoyo, uliza kwanza ofisi za Mambo ya Kale, usitangulize dalali.

Na kama nyumbani kwenu kuna gobore? Usiliguse sana, maana bunduki ya kushindilia inaweza kukaa na baruti yake ndani miaka na miaka. Usilibebe kwenye bodaboda. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au kituo cha polisi mikono mitupu, eleza, waje walichukue wao. Serikali imeshatoa zaidi ya mara moja vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari. Ukiona lina alama za kihistoria, waambie hapo hapo, ili watu wa Makumbusho ya Taifa washirikishwe.

Yule dada alifanya hivyo na kaka yake. Hawakupata hata shilingi, na sitaki kukudanganya kwamba iliwafurahisha. Lakini darini kulikuwa na cherehani pia, Singer ya mkono, ambayo alishaitangaza kwa 120,000 na watu wakawa wanamshusha. Tuliifuta tangazo, tukasoma namba, tukapiga picha tisa, ikiwemo ya ufa kwenye kibao. Fundi mmoja wa Maili Moja kaichukua kwa 230,000, hakuomba hata punguzo. Haikutosha ada ya mwaka, ila muhula mmoja umelipwa, na dada analala usingizi wake.

Usione vyaelea, vimeundwa. Bei unayoiona kwenye kitabu cha mwenzio imeundwa na sheria yake, soko lake na wateja wake. Ya kwako iunde mwenyewe.

Una kitu cha zamani na hujui pa kuanzia? Niandikie jina lake, alama zake na kasoro zake. Bei tutaiongelea mwisho.