Tamko kuhusu wakimbizi wa Cabo Delgado waliorudishwa kutoka ng'ambo ya Ruvuma

Sisi wavuvi, wakulima, wachuuzi na walimu wa madrasa wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, wengi wetu tuliowahi kukimbia vita kisha tukarejea, tunatoa tamko hili kwa serikali za Msumbiji na Tanzania, na kwa ndugu zetu wa Mtwara.

Vita vilivyoanzia Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 vilifika Palma tarehe 24 Machi 2021. Waliopata mashua walielekea mji wa Pemba, mkoani kwetu. Wengine walishika njia ya kaskazini kwa miguu, siku kadhaa porini, wakavuka mto Ruvuma kuingia Tanzania. Yaliyowakuta huko yameelezwa na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa: walikusanywa katika shule ya msingi, wakahojiwa uraia, na aliyeshindwa kuonyesha kuwa ni Mtanzania akasafirishwa hadi mpaka wa Negomano. Kufikia katikati ya mwaka 2021 shirika hilo lilikuwa limeripoti zaidi ya watu 9,600 waliorudishwa tangu Januari.

Kuulizwa uraia ni jambo zito kwa watu wa huku. Mtu wa Quionga ana shangazi Msimbati, mjomba Mikindani, na cheti cha kuzaliwa kiliungua pamoja na nyumba. Na Negomano si kwao. Ni bara, mbali na bahari, ndani ya mkoa uleule unaowaka. Mama aliyevuka na watoto wawili huku mumewe akipotelea njiani alishushwa huko bila simu, bila jamaa, akiwa na kanga aliyojifunga.

Tunaambiwa Tanzania nayo ina dhiki zake. Ni kweli, wala hatuibezi dhiki ya Mtwara, ambako korosho ikikosa bei nyumba nzima hulala njaa. Hofu yao pia ina sababu: Oktoba 2020 waasi tunaowaita mashababi walivuka mto wakaua watu Kitaya. Serikali isiyolinda raia wake baada ya hayo ingelaumiwa, na sisi tungekuwa miongoni mwa wanaolaumu.

Lakini asiye na chakula cha kutoa hajamdhulumu mtu. Anayempandisha mkimbizi gari na kumrejesha kwenye risasi ametenda jambo jingine kabisa. Mkataba wa wakimbizi wa OAU wa mwaka 1969 uliandikwa na nchi maskini zilizojua umaskini wao. Unakataza kumzuia mkimbizi mpakani au kumrudisha kwenye hatari. Papo hapo unasema nchi iliyoelemewa iziombe nchi nyingine za Afrika ziibebee mzigo, na kwamba kwa ajili ya usalama wakimbizi wawekwe mbali na mpaka. Dhiki na hofu, zote mbili, zilikwisha kutafutiwa njia. Aliye na shaka na kijana fulani amhoji kijana huyo. Bibi na wajukuu hawahusiki.

Tanzania inayajua haya kuliko sisi. FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962, na wazee wetu waliokimbia vita vya uhuru walipewa mashamba Rutamba, Lindi, wakati Tanzania yenyewe haikuwa na kitu. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen kwa ajili ya wakimbizi. Mwaka 1994 watu wapatao 250,000 waliingia Ngara kutoka Rwanda ndani ya saa 24. Waliochoka kubeba wana haki ya kusema wamechoka, na nchi tajiri zinazofunga bahari zao kwa manowari hazina uso wa kuwakemea.

Nasi hatuna mikono misafi. Oktoba 2020 mashua zilipomiminika ufukweni Paquitequete, Pemba, mji usiojitosheleza kwa maji ulipokea maelfu. Nyumba ya vyumba viwili ililaza familia tatu. Lakini walikuwepo pia wakuu wa mitaa walioficha majina ya wageni kwenye orodha za mchele, na majirani waliomwita kila kijana kutoka Mocímboa shababi. Tunayalaani hayo kwa sauti ileile tunayoinua kuhusu Negomano.

Vita havijaisha. Julai 2025 makumi ya maelfu walikimbia tena, safari hii Chiúre. Kwa hiyo tunaitaka Tanzania itamke hadharani kwamba atakayevuka Ruvuma akikimbia vita hatarudishwa, na iiruhusu UNHCR kufika mpakani. Tunaitaka Msumbiji iache kuchukulia hifadhi ya watu wake kama aibu, ikae na jirani, na ichangie gharama; nchi inayojiandaa kuuza gesi ya Afungi haikosi cha kuchangia. Serikali zote mbili zitafute familia zilizotenganishwa mwaka 2021 na kuziunganisha.

Nakala za tamko hili zinapelekwa kwa msimamizi wa wilaya ya Palma na kwa mkuu wa mkoa wa Mtwara. Litasomwa pia misikitini na makanisani, kwa Kiswahili, Kimwani na Kimakonde.