Bibi Harusi, "O Chanya" Haitoshi



Ukumbi tunaulizana, hina tunaulizana, sare tunagombania. Damu tunaiuliza leba. Hata bibi harusi aliyepima selimundu kabla ya nikaha hudhani kamaliza. Hajamaliza.

Tutazame Dar es Salaam, ambako nasi wa visiwani huvuka maji kufuata matibabu. Pita Mbagala, Temeke, Tandale, Mwananyamala: mgonjwa wa selimundu hayuko mbali. Tanzania inakadiriwa kuzaa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huo kila mwaka, na wengi huja kuongezewa damu tena na tena. Kwa kawaida hulinganishwa A, B, O, na chanya au hasi, basi. Lakini chembe ya damu ina alama nyingine nyingi: C, E, Kell, Duffy. Ukipewa damu yenye alama usiyo nayo, mwili unaweza kutengeneza kingamwili. Safari nyingine unaikataa damu ya aina hiyo. Na ukibeba mimba, kingamwili hizo zinaweza kupita kwenye kondo na kushambulia damu ya mtoto.

Uingereza ilianza Januari 2024 kuwapima vinasaba wagonjwa wa selimundu na thalasemia ili wapewe damu inayowafaa zaidi. Huko Ulaya kompyuta zinafunzwa kutambua alama hizo kwenye vinasaba vya wachangiaji.

Tukisema haya tunajibiwa: "Hayo ya Wazungu, sisi hata damu yenyewe haitoshi." Hatukubali! Kompyuta hujua ilichofundishwa. Alama ya Duffy Wazungu wengi wanayo, Waafrika wengi hatuna. Tukikaa kimya, kesho tutaletewa mashine isiyotujua, na atakayeumia ni binti yetu.

Basi tunadai: Mpango wa Taifa wa Damu Salama na hospitali zetu waanze na wagonjwa wa selimundu, wapimwe alama zote muhimu kabla ya chupa ya kwanza.

Nasi tutimize letu. Mwanamke mzima wa afya, mwenye kilo 50 au zaidi, asiye mjamzito wala anayenyonyesha, anaweza kuchangia kila baada ya miezi 4. Mashine huchagua damu, haitoi. Suratul Maida aya ya 32 tunaisoma sote, tuifanyie kazi. Mashoga wa bibi harusi, sufuria anazo za kutosha. Nendeni pamoja mkachangie damu.