Mstari Mmoja Haumfanyi Mtu Teja

Dereva wa basi akojolee kikopo, kikadi cha kupima dawa za kulevya kitoke chanya, basi: kazi hana, na kufika jioni mtaa mzima unamwita teja. Ukihoji, unajibiwa kwamba mkojo haudanganyi. Imani hii imeshawaponza watu.

Kwanza, wanaoisoma mistari wenyewe wanakosea. Kwenye kipimo cha haraka cha malaria, mistari miwili ni ugonjwa. Kwenye kikadi cha dawa za kulevya ni kinyume: mstari wa majibu hutoweka dawa inapofikia kiwango kilichowekwa, na ukionekana, hata kwa kufifia, hayo ni majibu hasi.

Halafu kikadi chenyewe hunasa vitu vinavyoshabihiana. Kodini ya dawa ya kikohozi hugeuka mofini mwilini, sawa na heroini. Rifampisini ya kifua kikuu imewahi kutoa chanya ya uongo kwenye baadhi ya vipimo vya afyuni. Efavirenzi, waliyoimeza kwa miaka watu wanaoishi na VVU, kwenye baadhi ya vipimo vya bangi. Mfanyakazi anayemeza dawa hizo atajitetea vipi bila kuutangaza ugonjwa wake mbele ya meneja? Marekani hata mikate yenye mbegu za mpopi, mmea wa afyuni, ilileta balaa, hadi mwaka 1998 serikali ikapandisha kiwango cha afyuni katika vipimo vya kazini kutoka nanogramu 300 hadi 2,000 kwa mililita.

Sasa piga hesabu. Tuseme kipimo kinapatia mara 95 kwa kila 100, na kati ya wafanyakazi 1,000 watumiaji ni 20. Kitawanasa 19. Kitawanasa pia 49 wasiotumia chochote! Kila watatu au wanne wanaofukuzwa, mmoja tu ndiye mtumiaji.

Najua nitaulizwa: na abiria je? Mtoeni dereva kwenye usukani siku hiyohiyo, sipingi, ila mshahara wake uendelee. Sampuli ipelekwe maabara yenye mashine ya kutambua molekuli yenyewe, na daktari amuulize faraghani anatumia dawa gani. Hata ikithibitika ni bangi, kumbukeni kwa mvutaji wa kila siku hukaa kwenye mkojo kwa wiki kadhaa. Haithibitishi kwamba aliendesha akiwa amelewa.

Barua ya kumfukuza mtu kazi kwa ushahidi wa kikadi peke yake ni dhuluma, na chama cha wafanyakazi kinachoinyamazia hakistahili michango ya wanachama wake.