Ndege, Kamera na Sifa

Msomaji mpenzi, huenda wewe ni mmoja wa wale ambao Jumamosi, badala ya kuzurura sokoni, huamka kabla ya jua na kwenda kando ya mto kuwapiga picha ndege. Kisha jioni hukutana na wenzako wapendao jambo hilo hilo, mkaonyeshana mlichokipata. Kama ndivyo, nakupongeza, wala sina ugomvi na mapenzi yako. Ugomvi wangu ni na sifa. Nimewaona vijana, na hata watu wazima waliopaswa kuwa na akili zaidi, wakimtesa ndege kwa saa nzima ili wapate picha ya kuwaringia wenzao. Nao wenzao wakashangilia bila kuuliza picha ile ilipatikanaje.

Wapo wasemao, "Picha haimuui ndege. Kiuacho ni bunduki." Neno hili lina ukweli ndani yake, na ni haki tulitazame kabla ya kulipinga. Zamani mtu aliyetaka kumjua ndege alimpiga risasi, akamchuna, akaijaza ngozi yake pamba na kuiweka sandukuni. Hata John James Audubon, mchoraji mashuhuri wa ndege wa Marekani, aliwaua kwanza wengi wa wale aliowachora. Halafu wakatokea ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, ambao mwaka 1892 walipiga picha ya kiota chenye mayai, na mwaka 1895 wakatoa kitabu kizima cha viota kilichopambwa kwa picha. Walitengeneza ng'ombe wa bandia kwa ngozi ya ng'ombe wa kweli, mtu akaingia tumboni mwake na kamera ili ndege wasimtambue. Nacheka kila nikifikiri joto la humo ndani! Lakini angalia: aliyetaabika alikuwa mtu, si ndege. Siku hizi, kwa kuwa kila mtu ana simu na kila mtu ana haraka, taabu tumemhamishia ndege.

Basi tulichunguze neno lao. Ndege alaliaye mayai hayatii joto tu. Katika nchi yetu hii ipitiwayo na ikweta, saa sita za mchana kazi yake ni kuyakinga na jua. Mfukuze, usimame pale ukitafuta mwanga mzuri, na yai lililo wazi laweza kupata moto hata kinda afe kabla ya kuanguliwa. Kunguru naye hana haja ya kutafuta. Hukaa juu ya mti akakutazama wewe, kisha hushuka pale pale uliposimama. Nyasi ulizozikanyaga zimekuwa njia ya nguchiro. Tawi ulilolikata kwa kuwa lilikuzibia lilikuwa ndilo paa la nyumba ya watu. Nawe umekwisha kwenda zako. Mauaji yatafanyika usiku, hutayaona, na ndiyo sababu waweza kuapa kwa moyo mweupe kwamba hukuua.

Haya siyajui kwa kusoma tu. Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu niliazima kamera, nikakuta kiota cha shore katika kichaka nyuma ya mabweni, na ndani yake makinda mawili. Majani yaliziba. Nikayavuta matawi nikayafunga kando kwa kamba ya kiatu, nikapiga picha safi kabisa: midomo miwili myekundu iliyo wazi, ikiomba chakula. Wenzangu waliisifu mpaka usiku. Katika furaha ile nilisahau kurudi kuifungua kamba. Asubuhi kiota kilikuwa kitupu, na wale wazazi wakiruka huku na huku juu ya kichaka wakilia. Hapana aliyenilaumu, maana sikumwambia mtu.

Desturi nyingine ni ya sauti. Mtu huja msituni na sauti ya ndege iliyonaswa, akaifungulia mara ishirini ili ndege atoke majanini. Naye ndege hutoka kweli! Hudhani mgeni amekuja kumnyang'anya makao na mke, akaacha kula na kulisha, akapigana na adui asiyekuwako. Fikiri habari ya bundi mdogo wa Sokoke, ambaye hafikii shubiri moja kwa urefu. Nje ya misitu ya pwani yetu, hajulikani ila chini ya milima ya Usambara huko Tanzania. Kundi moja likimwita leo na jingine kesho, atawinda saa ngapi? Na kule Nakuru na Bogoria wapo wawakimbiliao heroe ili waruke wote pamoja, picha ipate kupendeza. Kana kwamba ndege wale wameajiriwa kucheza ngoma.

Mtu atajibu kwamba mabingwa wenyewe hukaribia viota. Ni kweli, nao wamelipa. Eric Hosking, bingwa wa Uingereza, usiku mmoja wa mwaka 1937 alikuwa akipanda kwenye kificho chake karibu na kiota cha bundi huko Wales; yule bundi akampiga kwa ukucha, na jicho la kushoto likapotea. Hosking hakumchukia ndege, akaendelea na kazi yake kwa miaka mingi. Lakini wewe usitwae habari hii kuwa ushujaa wa kuigwa. Mzazi aliyepiga vile alidhani watoto wake wanauawa. Na shore wangu walidhani hivyo hivyo, ila wao hawakuwa na makucha ya kutosha.

Sasa nije kwenye jambo linitialo hasira zaidi, nalo ni kutangaza mahali. Picha yako imesifiwa, na swali la kwanza la wenzako ni, "Wapi?" Nawe, kwa kupenda kuonekana mjuzi, unawatajia mti wenyewe. Jumapili watakuja watu watano, Jumapili ya pili ishirini, na katikati yao hutamjua mwizi wa makinda. Korongo mwenye taji hukamatwa na kuuzwa angali mchanga, na tangu mwaka 2012 amehesabiwa katika orodha ya dunia miongoni mwa ndege walio hatarini. Au mtazame mnana wa Clarke. Alitambulishwa kwa wataalamu mwaka 1913, naye haishi popote duniani ila katika sehemu ya Kilifi, kati ya Arabuko-Sokoke na Dakatcha. Kwa miaka mia moja hapana mtaalamu aliyekiona kiota chake, hata mwaka 2013 vilipogunduliwa viota katika kinamasi cha Dakatcha. Jenga katika fikira zako kundi la watu wenye kamera wakiingia kinamasi kile kwa mabuti! Waingereza waliona hatari hii. Kwa sheria yao ya mwaka 1981 ni kosa kumsumbua kiotani ndege aliye katika orodha maalumu, hata kwa ajili ya picha, bila ya idhini. Je, sisi tungoje askari atushike mkono ndipo tuwe na adabu?

"Lakini," utasema, "tukificha kila kitu elimu itapotea." Sikusema ufiche kila kitu. Picha ya ndege apitaye, iliyoandikwa jina, tarehe na mahali, ina thamani kuliko mia zisizo na neno. Kozi wa Amur hutoka mashariki ya mbali ya Asia, akavuka Bahari ya Hindi, na mwisho wa mwaka hupita kwetu akienda kusini mwa Afrika. Ukimpiga picha Tsavo, litangaze jambo hilo hata kwa tarumbeta, maana hana kiota hapa cha kuvunjiwa. Huko huko Tsavo, katika Ngulia, ndege wa safari wamevikwa pete tangu mwaka 1969, na baadhi yao wameonekana tena hata Urusi. Elimu ya namna hiyo hutaka tarehe na mahali. Cha kufichwa ni kiota, na makao ya ndege aliye adimu. Hayo wapelekee wataalamu wa ndege katika Makumbusho ya Nairobi. Wenzako watosheke na jina la wilaya.

Najua si rahisi. Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja, mpiga picha hodari kuliko mimi, aliiona mezani kwangu picha ya bundi na kinda wake, niliyoipiga kutoka mbali hata kinda anaonekana kama kifundo cha mti. Akaniuliza, "Mwalimu, ni wapi?" Nikamwambia jina na tarehe. Akauliza tena, nikanyamaza. Alitoka amenuna, na siku tatu hakunisalimu ila kwa kulazimika.