Mchekecha Mchanga Hatafuti Uchafu

Mchanga wa tangi la maji ya chumvi ukianza kuota utando wa kahawia, ushauri wa dukani ni mmoja: nunua gobi mwenye madoa ya chungwa, Valenciennea puellaris, naye atamaliza kazi. Ni samaki mzuri, wa Bahari ya Hindi hadi Pasifiki, na akishatiwa tangini mchanga hung'aa kweli. Ndiyo maana porojo zinazomfuata ni ngumu kuzing'oa.

Wanasema anakula uchafu. Hali. Mtazame kwa karibu: anachota mchanga kinywa tele, mashavu yanatuna, anautafunatafuna, kisha mchanga unamwagika kupitia matamvua. Anachobakiza mdomoni ni viumbe hai: kopepodi, viminyoo, vikamba visivyoonekana vizuri kwa macho. Kinyesi cha samaki wenzake hana haja nacho. Ule utando unatoweka kwa kuwa ameupindua. Nitrati na fosfati zilizoulisha bado zimo majini. Na viminyoo anaowamaliza ndio waliokuwa wakimeng'enya mabaki ndani ya mchanga! Umeleta msafishaji anayewala wasafishaji.

Wanasema hahitaji kulishwa, atajitafutia. Uongo huu ndio unaowaua wengi. Tangi la miezi miwili halina wadudu wa kumtosha, na hata lililokomaa, likiwa dogo, humwishia upesi. Anaendelea kuchekecha kutwa nzima huku anakonda, na mwenye tangi anamsifu kwa bidii. Angalia tumbo, nyuma ya mapezi ya kifuani: likiwa limebonyea, huyo ana njaa ya siku nyingi. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji amlishe mbele yako. Asiyegusa uduvi wa kugandishwa mwache hapohapo, hata bei ikishushwa. Nyumbani apate mara mbili au tatu kwa siku, na chakula kimfikie chini kabla wepesi wa juu hawajakidaka.

Eti mchanga wowote unafaa. Vipande vya matumbawe yaliyosagwa ovyo haviwezi kupita kwenye matamvua yake, na vinamchubua mdomo. Anataka mchanga laini, kina cha sentimita tano hivi. Mawe yakae juu ya kioo cha chini, mchanga umwagwe baadaye, kwa sababu atachimba shimo chini yake na mawe yaliyosimama juu ya mchanga yataporomoka. Tangi liwe na kifuniko cha wavu. Gobi hawa huruka.

Kiti cha pweza wa jamii ya Astropecten, wanayemwita mbadala wa bei nafuu, ana shida ileile ya njaa, ila yeye hufa polepole zaidi, amefukiwa, hata hujui.

Halafu kuna kumpa kazi hii kila samaki anayeonekana mchangani. Halichoeres iridis, anayepatikana pwani yetu ya Afrika Mashariki, hujifukia usiku alale. Mchana hachekechi chochote. Gobi wa Amblyeleotris hukaa shimoni na kamba mwenye gando la kulipua, lakini mchimbaji ni kamba. Samaki ni mlinzi mlangoni, na kamba asiyeona vizuri humgusa kwa papasi ajue kama kuna hatari.

Anayetaka mchanga safi tu apunguze chakula, abadilishe maji, aelekeze mkondo chini, na atie konokono wachache wa Nassarius, ambao kweli hula masalia. Anayempenda samaki mwenyewe, na ana tangi kubwa lililokomaa, achukue jozi ya Valenciennea strigata, wenye kichwa cha manjano, ambao hata baharini huishi wawili wawili. Matumbawe ayapandishe juu kadiri awezavyo, maana strigata hupenda kupaa na mchanga mdomoni na kuunyunyiza juu ya chochote kilicho chini yake.